Leseni za utalii wa hifadhini: nani anatoa, nani anahitaji na mkazi ana haki gani

Msimu wa kaskazi unapoingia na bahari kutulia, gati la Shimoni hujaa boti za kuwapeleka wageni Kisite kuangalia pomboo na kupiga mbizi kwenye matumbawe. Kwa macho, boti hizo zinafanana. Mbele ya sheria hazifanani. Ipo iliyo na karatasi zote. Ipo iliyo na kibali cha biashara cha kaunti peke yake. Na ipo ile ambayo jana ilikuwa ikivua na leo imebeba familia ya wageni kwa sababu simu ililia alfajiri. Siku njema zote tatu hurudi salama. Tofauti huonekana siku mashine inapozima katikati ya mkondo, siku maafisa wanapopanda botini kukagua, au siku mgeni aliyeumia anapodai fidia.

Kaunti ya Kwale ina maeneo mengi yaliyolindwa kisheria ambayo pia ni vivutio vya utalii: Mbuga ya Kitaifa ya Bahari ya Kisite na Hifadhi ya Bahari ya Mpunguti, Hifadhi ya Kitaifa ya Shimba Hills, eneo la ndovu la Mwaluganje, misitu ya kaya na mikoko ya Gazi na Vanga. Maelfu ya wakazi hutegemea wageni wanaofika huko, wakiwemo manahodha, madereva, waongozaji, wapishi, wachuuzi na akina mama wa vikundi. Makala haya yanaeleza leseni inayotakiwa kwa kazi hizo, ofisi inayoitoa, sababu ya kuwekwa kwake, na njia anayoweza kufuata mkazi anapoona hakutendewa haki.

Tiketi si leseni

Mkanganyiko mkubwa zaidi huanzia hapa. Tiketi ya kuingia hifadhini humhusu mgeni. Ni ada anayolipa ili aruhusiwe kuingia kwa siku au muda uliotajwa. Kumlipia mgeni tiketi hakumpi mwenye boti au gari ruhusa ya kufanya biashara ndani ya hifadhi.

Leseni humhusu mfanyabiashara. Ni ruhusa ya kutoa huduma fulani kwa malipo: kusafirisha watalii, kuwaongoza, kuwakodishia vifaa vya kuzamia au kuwaandalia kambi. Leseni ina jina la mwenyewe, aina ya kazi, muda wake na masharti. Haiuzwi wala haiazimwi kama jembe.

La tatu ni mkataba wa uendeshaji. Huu unamhusu anayetaka kuweka kitu cha kudumu ndani ya eneo lililolindwa, kama vile kambi, hoteli au mkahawa. Hapo leseni peke yake haitoshi. Mradi lazima ukubaliane na mpango wa usimamizi wa eneo hilo, upitie tathmini ya athari kwa mazingira na uwe na makubaliano ya maandishi na msimamizi wa hifadhi.

Kwa hivyo mwenye boti anayesema, "Mimi nimelipa, nina risiti," anafaa kwanza kutazama risiti hiyo ni ya nini.

Kwa nini serikali idhibiti biashara hii?

Sababu ya kwanza ni uhai wa kivutio chenyewe. Mgeni huja Kisite kwa ajili ya pomboo, kasa na matumbawe. Boti moja ikikaribia pomboo polepole kutoka ubavuni, wanyama hao huendelea na shughuli zao. Boti nyingi zikiwafukuza kutoka mbele na nyuma, huacha kupumzika, huacha kulisha, na mama anaweza kutenganishwa na mtoto wake. Wakisumbuliwa kila siku, huhama. Matumbawe nayo hukua polepole sana, na yale makubwa ya mviringo huongezeka kwa sentimita chache tu baada ya miaka kadhaa. Nanga moja ikitupwa ovyo huvunja kwa dakika moja kitu kilichojengeka kwa miongo mingi. Mwaka wa 1998 joto la bahari liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya, na tangu hapo yamekuwa yakipambana kurejea. Hayahitaji kuongezewa pigo la nanga.

Sababu ya pili ni usalama wa watu. Mlango wa bahari kati ya Shimoni na Wasini una mkondo mkali, na nje ya Wasini kusi hupiga bila kizuizi. Boti ya utalii hubeba watu wasiojua kuogelea, watoto na wazee. Leseni ndiyo inayomwezesha mkaguzi kuuliza kabla ya safari: jaketi za kuokolea maisha zinatosha? Nahodha amefuzu? Mashine ya akiba ipo? Idadi ya abiria imezidi?

Sababu ya tatu ni haki. Anayelipia bima, ukaguzi na mafunzo hawezi kushindana kwa bei na asiyelipa chochote. Bila udhibiti, mwaminifu hufunga biashara na mzembe hubaki. Hatimaye ajali moja huharibu jina la ufuo mzima, na wageni huacha kuja kwa mzembe na mwaminifu pia.

Ofisi nne, kazi nne

Malalamiko ya kawaida ni kwamba ofisi ni nyingi. Ni kweli, na chanzo chake ni kwamba sheria imegawa kazi hizo. Akijua kila ofisi inasimamia nini, mwananchi hatumwi huku na huko.

Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) husimamia mbuga na hifadhi za kitaifa, za nchi kavu na za baharini, chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka wa 2013. Sheria hiyo inatambua utalii wa wanyamapori kuwa matumizi yasiyohusisha kuua wala kuvuna wanyama, pamoja na upigaji picha za kibiashara, utengenezaji wa filamu, elimu na utafiti. Matumizi hayo yanahitaji idhini. Anayetaka kuendesha boti za utalii Kisite au kambi Shimba Hills lazima akubaliwe na KWS na atii masharti ya hifadhi.

Mamlaka ya Kudhibiti Utalii (TRA) iliundwa na Sheria ya Utalii ya mwaka wa 2011. Hii ndiyo inayotoa leseni ya shughuli za utalii nchini kote, ndani na nje ya hifadhi. Orodha ya shughuli hizo ni ndefu: hoteli, mikahawa, kampuni za safari, waongozaji watalii, safari za boti, michezo ya majini, kambi na nyinginezo. Leseni hii huhuishwa kila mwaka.

Mamlaka ya Ubaharia (KMA) hushughulikia chombo na mabaharia wake. Hukagua boti, huangalia vifaa vya usalama na huhakikisha nahodha ana sifa. Boti iliyosajiliwa kwa uvuvi ni chombo cha uvuvi. Kuigeuza kuwa chombo cha abiria kunahitaji kukaguliwa na kuidhinishwa upya. Kwa upande wa barabara, magari ya watalii husimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA).

Serikali ya kaunti ina nafasi yake. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa kaunti utalii wa ndani ya eneo lake, leseni za biashara na mipango ya matumizi ya ardhi. Ndiyo sababu kila biashara, hata iliyo na leseni zote za kitaifa, inahitaji kibali cha biashara cha kaunti. Ada yake huwekwa na Sheria ya Fedha ya kaunti, ambayo haipitishwi bila wananchi kutoa maoni. Lakini kibali cha kaunti hakifungui lango la mbuga ya kitaifa. Kaunti haiwezi kumruhusu mtu kuingiza biashara Kisite, kama vile KWS haiwezi kumruhusu mtu kufungua duka Ukunda.

Zipo pia ofisi zinazoingia kulingana na mahali. Mikoko ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa serikali tangu mwaka wa 1932, na leo iko chini ya Shirika la Huduma za Misitu (KFS). Shimba Hills nayo ina msitu wa serikali ndani yake, hivyo KFS na KWS wote wana usemi. Kaya zilizotangazwa kuwa turathi ziko chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Anayejenga chochote, iwe banda, daraja la mbao juu ya mikoko au choo cha wageni katika eneo nyeti, hupitia Mamlaka ya Kitaifa ya Kusimamia Mazingira (NEMA).

Kisite na Mpunguti: mpaka usioonekana majini

Kusini mwa kisiwa cha Wasini, karibu na mpaka wa Tanzania, kuna maeneo mawili yanayopakana lakini yenye masharti tofauti. Kisite, yenye kilomita za mraba 28, ni mbuga ya kitaifa ya bahari. Ndani yake ni marufuku kuvua, kuokota makombe au kung'oa matumbawe. Mpunguti, yenye kilomita za mraba 11, ni hifadhi. Humo uvuvi wa kienyeji kwa zana zinazoruhusiwa unakubaliwa.

Kwa mwenye boti ya utalii, tofauti hii ina maana kubwa. Hawezi kumpeleka mgeni Kisite na kumruhusu atupe mshipi, hata mgeni akilipa vizuri. Hawezi kukusanya kauri na kuziuza kama kumbukumbu. Anatakiwa kufunga boti kwenye maboya yaliyowekwa kwa kazi hiyo badala ya kutupa nanga juu ya matumbawe. Akifika walipo pomboo, hupunguza mwendo, hukaa pembeni, huzipisha boti nyingine zamu yake ikiisha na hawakati njia.

Kuna jambo ambalo wazee wa Shimoni, Wasini na Mkwiro hawalisahau. Eneo hilo lilipotangazwa kuwa mbuga katika miaka ya 1970, wavuvi walipoteza sehemu waliyokuwa wakivua. Ahadi ya utalii kwa wakazi ilitokana na hasara hiyo: kama bahari haitavuliwa, basi iwalishe watu kwa njia nyingine. Kwa hivyo leseni za boti si suala la karatasi tu. Kama zitashikwa na kampuni chache za mbali, familia zilizoacha mitego zitakuwa zimepoteza mara mbili. Katiba, katika kifungu cha 69, inataka faida za maliasili zigawanywe kwa usawa. Ndiyo sababu ni muhimu wakazi wenyewe waingie katika mfumo wa leseni badala ya kubaki pembeni kama vibarua au kufanya kazi kwa kujificha.

Mtego wa "safari moja tu"

Tuseme mvuvi ana boti nzuri ya mashine. Ana leseni ya uvuvi na ni mwanachama wa kikundi cha usimamizi wa ufuo, kile ambacho wengi hukiita BMU. Sikukuu inapokaribia, rafiki yake hotelini anamletea wageni sita wanaotaka kwenda kuona pomboo. Malipo ni zaidi ya anachopata kwa siku mbili za uvuvi. Anajiambia ni safari moja tu.

Hapo amevuka mistari mitatu kwa mpigo. Boti yake haikukaguliwa kubeba abiria wa kulipa. Yeye hana leseni ya shughuli za utalii. Na hana idhini ya kufanya biashara ndani ya mbuga. Uanachama wa BMU unamtambulisha kama mdau wa uvuvi, lakini haumfanyi mhudumu wa watalii.

Akikamatwa, anaweza kushtakiwa na boti yake kuzuiliwa, na boti ikizuiliwa hata uvuvi husimama. Akipata ajali, hali ni mbaya zaidi. Kampuni ya bima hutazama kwanza kama chombo kilikuwa kikifanya kazi kilichokatiwa bima. Kama sivyo, gharama za hospitali, fidia na hasara ya boti humwangukia yeye na familia yake. Faida ya safari moja inaweza kugharimu chombo kilichonunuliwa kwa mkopo wa miaka.

Haina maana kwamba mvuvi hawezi kufanya utalii. Anaweza, na wengi wamefanya hivyo. Njia ni kukihalalisha chombo na kazi kabla ya msimu, si asubuhi ya safari.

Hatua kwa hatua

Utaratibu unaofuata unamfaa mtu au kikundi kinachoanza. Mpangilio huu husaidia kwa sababu kila hatua hutoa karatasi inayodaiwa na hatua inayofuata.

1. Amua biashara itakuwa ya nani. Mtu mmoja anaweza kusajili jina la biashara au kampuni. Watu kumi au zaidi wanaweza kusajili kikundi cha jamii chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, au kuunda chama cha ushirika. Usajili wa biashara hufanywa kupitia jukwaa la eCitizen. Asiye na intaneti anaweza kupata usaidizi katika kituo cha Huduma.

2. Pata nambari ya PIN kutoka Mamlaka ya Ushuru (KRA) kwa jina la biashara au kikundi, na fungua akaunti ya benki kwa jina hilo hilo. Majina yasiyolingana ni chanzo cha kawaida cha maombi kurudishwa.

3. Kague chombo. Kwa boti, nenda kwa KMA. Kwa gari, NTSA. Jaketi za kuokolea maisha ziwe za kutosha na za saizi za watoto pia. Kuwe na kizima moto, sanduku la huduma ya kwanza, simu au redio na mashine inayoaminika.

4. Andaa watu. Nahodha awe na cheti. Mwongozaji awe amefunzwa na anajua anachokieleza. Chama cha Waongozaji Safari wa Kitaalamu nchini hutoa mitihani ya ngazi za shaba, fedha na dhahabu, na cheti hicho huheshimiwa na kampuni nyingi. Mara nyingi cheti cha maadili mema cha polisi pia huhitajika.

5. Kata bima. Iwe bima inayotaja kazi ya kubeba au kuhudumia watalii kwa malipo. Soma ukurasa wa mambo ambayo bima haiyagusi kabla ya kutia sahihi.

6. Chukua kibali cha biashara cha kaunti katika ofisi ya kaunti ndogo yako. Taja kazi halisi. Kibali cha "duka" hakifai kwa safari za boti.

7. Omba leseni ya TRA kwa aina ya kazi unayofanya. Anayefanya kazi mbili, kama vile safari za boti na kukodisha vifaa vya kuzamia, aulize mapema kama zote zimo katika leseni moja.

8. Peleka maombi kwa msimamizi wa hifadhi: KWS kwa Kisite na Shimba Hills, KFS kwa mikoko na misitu. Omba masharti kwa maandishi, yasome kikundini, na yabandikwe botini au ofisini.

Kila malipo yafanywe kwa njia rasmi na risiti ihifadhiwe. Malipo ya huduma za serikali ya kitaifa hupitia eCitizen. Hakuna afisa anayepaswa kupokea ada ya leseni mkononi au kwenye simu yake binafsi. Anayejitolea "kuharakisha" leseni kwa malipo ya pembeni anauza hasara, kwa sababu leseni isiyo kwenye kumbukumbu za ofisi haimlindi mtu siku ya ukaguzi.

Nguvu ya kikundi

Gharama za leseni, bima na ukaguzi ni mzigo kwa mwenye boti moja, hasa kwa sababu hulipwa kwa mwaka mzima ilhali wageni huja kwa msimu. Wakati wa kusi, bahari huchafuka na safari hupungua. Anayelipa peke yake hujikuta amelipia miezi asiyofanya kazi.

Kikundi hugawana mzigo huo. Wenye boti watano wanaweza kuwa na leseni moja ya kampuni ya safari, ofisi moja na mtu mmoja wa kushughulikia makaratasi, huku kila boti ikikaguliwa na kubaki ya mwenyewe. Zamu za safari hupangwa, na kwa kuwa hakuna anayeogopa kunyang'anywa wageni, hakuna sababu ya kufukuza pomboo. Kikundi kilichosajiliwa pia kinaweza kuomba mikopo na kuingia mkataba na hoteli.

Kaunti haikosi mifano. Akina mama wa Gazi na wa Wasini wamepata kipato kwa kujenga njia za mbao ambazo wageni hutembelea juu yake katikati ya mikoko na matumbawe ya kale. Katika Kaya Kinondo, wageni huingia wakiwa wamefungwa kitambaa cheusi kiunoni, wakiongozwa na watu wa hapo, kwa utaratibu uliokubaliwa na wazee wa kaya. Msitu huo ni mmoja wa misitu ya kaya za Mijikenda iliyoorodheshwa na UNESCO kuwa Turathi za Dunia mwaka wa 2008, na bado ni mahali pa ibada. Mwongozaji wa nje hawezi kuwaingiza wageni humo kwa sababu tu ana leseni ya TRA. Idhini ya wazee huja kwanza.

Mwaluganje inafundisha jambo lingine. Huko wenye mashamba Waduruma na Wadigo walikubali katika miaka ya 1990 kuacha ardhi yao iwe njia na makao ya ndovu ili wagawane mapato ya wageni. Mpango huo umeonyesha kwamba jamii inaweza kuwa mwenye hifadhi na si jirani tu. Umeonyesha pia kwamba wageni wakipungua, mgao hupungua, na ndovu bado wapo. Sheria ya 2013 inaruhusu wenye ardhi wengine kuanzisha hifadhi za jamii, mradi zisajiliwe na ziwe na mpango wa usimamizi. Anayefikiria njia hiyo asiweke mayai yote kwenye kikapu cha utalii.

Sauti ya mkazi huanzia kwenye mpango wa usimamizi

Wakazi wengi huja kulalamika leseni ikiwa imeshatolewa. Wakati huo huwa wamechelewa. Idadi ya boti zinazokubalika, mahali pa kufunga, sehemu za kuvua, maeneo ya kujenga na njia za watembea kwa miguu huamuliwa mapema katika mpango wa usimamizi wa eneo lililolindwa. Sheria inataka umma ushirikishwe katika kuuandaa. Tangazo la mkutano linapotolewa kwa chifu, kwenye ofisi ya wadi au redioni, hapo ndipo pa kusema kwamba vijana wa kijiji wapewe nafasi, au kwamba eneo fulani ni mazalia ya samaki lisiguswe.

Vivyo hivyo kwa miradi mikubwa. Kabla ya kambi au hoteli kujengwa, ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira huwekwa wazi ili watu watoe maoni kwa NEMA ndani ya muda uliotangazwa. Barua ya ukurasa mmoja iliyotiwa sahihi na wanakijiji na kupelekwa kwa wakati ina uzito kuliko maandamano baada ya ukuta kupanda.

Ukinyimwa leseni au ukidhulumiwa

Kifungu cha 47 cha Katiba na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 zinampa kila mtu haki ya kupata uamuzi wa haraka na wa haki kutoka kwa ofisi ya umma, na kuelezwa sababu kwa maandishi uamuzi ukimwathiri. Kwa hivyo hatua ya kwanza ni kuomba sababu hizo kwa barua na kubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.

Kama tatizo ni leseni ya utalii, Sheria ya Utalii imeweka jopo maalumu la kusikiliza rufaa za sekta hiyo. Kama ni mzozo wa usimamizi wa wanyamapori, sheria inataka uanzie katika ngazi ya chini ya ugatuzi, na usipotatuliwa uende kwa Jopo la Kitaifa la Mazingira, kisha Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Rufaa zina muda wake wa mwisho, hivyo anayekaa na hasira miezi kadhaa anaweza kukuta mlango umefungwa. Malalamiko ya hongo hupelekwa kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi (EACC), na yale ya uzembe wa ofisi za umma kwa ofisi ya Mtetezi wa Umma.

Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Je, mwenye leseni ya uvuvi anaweza kuwavusha jamaa zake hadi Wasini bila leseni ya utalii?
Kuwabeba jamaa bila malipo si biashara ya utalii. Hata hivyo, kanuni za usalama majini hazibagui jamaa na mgeni. Jaketi zivaliwe na abiria wasizidi.

Je, mwongozaji asiye na boti anahitaji leseni?
Ndiyo. Kuongoza watalii kwa malipo ni shughuli ya utalii yenyewe, iwe ni kwa miguu, garini au majini.

Je, kijana anayepiga picha za harusi anaweza kufanyia kazi hiyo hifadhini kwa tiketi ya kawaida?
Picha za kumbukumbu ya mgeni hazina tatizo. Picha na filamu za kibiashara zinahitaji idhini ya msimamizi wa hifadhi kabla ya siku ya kazi.

Je, leseni ikiisha katikati ya msimu, kazi inaweza kuendelea huku maombi mapya yakishughulikiwa?
Ni salama kuanza kuhuisha mapema, kabla ya muda kwisha. Risiti ya maombi haina nguvu ya leseni, na bima huenda isiitambue.

Je, mgeni au mkazi atajuaje kama boti ina leseni?
Aulize. Mwenye leseni halali huionyesha bila kinyongo. Atazame jina, kazi iliyotajwa na tarehe ya mwisho, kisha ahesabu jaketi na abiria. Boti isiyo na jaketi ya kumtosha kila mmoja isipandwe, hata bei ikiwa nusu.

Kabla ya msimu ujao

Kila mwenye boti, gari au kikundi cha utalii anashauriwa kukaa chini wakati huu ambapo kazi ni chache na kuandika orodha ya leseni zake pamoja na tarehe za kwisha. Iliyokosekana ianze kutafutwa sasa. Viongozi wa BMU na vyama vya waongozaji nao wanaweza kuwaalika maafisa wa kaunti, KWS, KMA na TRA katika mkutano mmoja wa ufuoni, ili maswali yajibiwe pamoja badala ya kila mtu kufunga safari nne.

Wakazi wanaohitaji maelezo zaidi wafike kwa msimamizi wa wadi au ofisi ya kaunti ndogo iliyo karibu, wakiwa na kitambulisho na nakala za karatasi walizo nazo. Ushauri katika ofisi hizo haulipiwi.